Sahani ya Tatu

Jumapili, Julai. Baridi.

Jua halijaonekana tangu juzi. Mawingu yamekaa juu ya Kaloleni bila kunyesha wala kuondoka, kama mgeni asiyesema amekuja na shida gani. Nimevaa soksi mbili mbili na bado miguu imekufa ganzi. Naandika nikiwa nimekaa kwenye cherehani, kwa sababu hii ndiyo meza pekee ya nyumba hii ambayo haijawahi kuwekwa chakula.

Leo nilikuwa na kazi moja tu: kumwambia mama asiweke tena sahani ya baba.

Sentensi fupi. Nimeifanyia mazoezi tangu Alhamisi. Nimeisema nikishona, nikaisema nikipiga mswaki, nikamwambia hata paka wa jirani, akaniangalia akaenda zake. Nilijua nisipoisema leo nitaendelea kuumwa, na nikiisema nitakuwa nimemwambia mama kwa mara ya pili kwamba mumewe amekufa.

Kwa anayesoma maandishi yangu haya mara ya kwanza, mimi ni fundi wa nguo. Nashona yunifomu za shule hapa nyumbani, kwenye hizi nyumba za zamani za serikali ya kaunti, ninakoishi na mama. Mama ana kibanda cha mboga karibu na lango la mtaa. Baba alikuwa fundi wa masanduku ya bati kule Kamukunji, yale wanayobeba wanafunzi wa bweni. Na mimi nina ugonjwa wa kula. Mara ya kwanza kuliandika neno hilo hapa nililifuta, nikaliandika tena, nikalifuta. Siku hizi naliacha likae.

Ugonjwa wenyewe uko hivi. Nakula nikiwa sina njaa, nakula haraka na kwa kujificha, mpaka tumbo liume. Kisha naingiwa na hofu, nakaa bila kula kabisa nikisingizia kwamba nimefunga. Kanisani walidhani nimeokoka zaidi. Kuna mama mmoja aliniomba nimwombee mwanawe apate kazi, eti maombi ya watu wanaofunga kama mimi hayarudi bure.

Naona haya kuandika hilo, lakini pia linanichekesha.

Sasa sahani.

Baba alikuwa hali chakula cha mchana saa wanayokula watu. Alikula kazi ikimpa nafasi, na kazi ilimpa nafasi kama saa tisa hivi. Kwa hiyo mama alikuwa akirudi kutoka kibandani, anapika, anapakua sahani tatu. Yake, yangu, na ya baba, ambayo aliifunika kwa sahani nyingine iliyopinduliwa juu yake na kuisogeza karibu na ukuta. Tukishamaliza, mama anarudi kwa mboga zake, mimi narudi kwenye cherehani. Baadaye baba anaingia, ananuka rangi na bati, ananawa mikono, anafunua sahani, anashtuka kana kwamba hakutarajia. Kisha anasema, "Kumbe kuna watu wananipenda." Alisema hivyo kila siku ya kazi, miaka nenda miaka rudi, na mimi nilicheka kila siku.

Alitutoka mwaka jana wakati wa mvua za masika. Kifua. Hakuugua muda mrefu.

Baada ya mazishi, wageni wakaenda, ikafika siku ya kwanza ya mama kufungua kibanda tena. Mchana akarudi akapika githeri, mahindi na maharagwe. Akapakua sahani tatu. Nadhani ni mkono wake tu uliopakua, yeye mwenyewe hakuwapo. Aliifunika ile ya tatu, akaisogeza ukutani, halafu akasimama pale na mwiko mkononi. Mimi niliona mgongo wake tu. Hakuiondoa. Alijifunga leso akatoka.

Nikabaki na sahani ya baba mchana kutwa. Ilipofika saa yake nikaanza kumfikiria mama akirudi jioni na kuikuta pale pale, imepoa, kifuniko hakijaguswa. Sikuweza kulivumilia wazo hilo. Kumwaga nisingeweza pia, mtu hamwagi chakula cha baba yake. Basi nikakila. Sikuwa na njaa hata kidogo, nilikuwa nimekula changu. Nilikula chote nikaosha sahani nikaipanga. Jioni mama aliangalia pale vyombo vilipo, akaiona.

Kesho yake alipakua tatu tena.

Hivyo ndivyo ilivyoanza, na laiti ingeishia hapo. Baada ya muda ile sahani ikawa haitoshi. Nilifuata mkate. Nikafuata chapati za jana, na nikajifunza kufungua kifuniko cha hotipoti, kile chombo cha kutunza chapati zisipoe, bila kukiacha kilie. Nilinunua soseji za smoki pale barabarani nikala nimegeukia ukuta, kama mtu anayelia. Ninapotafuna nyumba haiwi kimya, hiyo ndiyo siri yote. Nikiacha kutafuna, naisikia saa tisa ikija na hakuna anayeingia.

Nguo zangu zikaanza kunibana. Mimi ni fundi, kwa hiyo sikuhitaji mizani. Nilifumua mishono ya gauni zangu nikaziachia, moja baada ya nyingine. Na katika miezi hiyo hiyo mama aliniletea gauni lake la kanisani, lile la zambarau, nilipunguze kiunoni. Nikalipunguza. Akalileta tena, nikalipunguza tena. Nilijiambia ni huzuni, huzuni hukondesha watu. Nikabana pini nikaendelea na kazi.

Mapema mwaka huu nilizirai hapa hapa, nikiwa nashona sketi ya marinda. Ilikuwa ni baada ya kukaa bila kula. Kliniki walisema damu imepungua. Muuguzi alisubiri mama atoke kwenda kutafuta maji, akafunga mlango akaniuliza nakula vipi, kwa sauti ya chini sana, na mimi nikaanza kulia kabla hajamaliza swali. Yeye ndiye aliyenituma kwa Dada Rehema, mshauri anayeketi na kikundi chetu kila Alhamisi katika chumba kilicho nyuma ya kanisa. Mama nilimwambia habari ya damu tu. Alhamisi nikiondoka nilimwambia naenda kupeleka yunifomu.

Tangu siku ile ya damu, sahani ya tatu ikanenepa. Ikaanza kuwa na maini. Ikawa na nyama hata siku ambazo sikujua nyama imetoka wapi. Nikasema moyoni, mama anazidi kumkumbuka mzee.

Alhamisi iliyopita Dada Rehema aliniuliza kitu ambacho hajawahi kuniuliza. Alitaka kujua, ile siku ya kwanza kabisa, nilikuwa nakula kwa ajili ya nani. Nikasema baba. Nikafikiri kidogo nikasema mama. Halafu nikagundua sijui, na chumba kizima kinanisubiri. Alisema changu nisiache kula hata siku moja, lakini sahani ile nyingine lazima ijulikane ni ya nani. Alijitolea kuja nyumbani anisaidie kuzungumza. Nikakataa. Mama angeosha hadi dari kwa ajili ya mgeni na tusingezungumza lolote.

Ijumaa nilikula sahani ya baba, na nusu ya mkate juu yake. Naliandika kwa sababu nimeahidi kutopamba mambo hapa. Jumamosi nilitaka kujiadhibu kwa kukaa na njaa, na badala yake nikanywa chai na mkate asubuhi, nikala mchana, nikala jioni, mezani, kama watu. Hakuna aliyenipigia makofi. Ilikuwa ngumu kuliko kushona zipu ya suruali.

Leo basi. Tulipotoka kanisani, Mama Akinyi wa nyumba ya pili alinikamata mkono pale mlangoni, akanizungusha anitazame vizuri.

"Aki Njeri, umenona," akasema. "Unakula nini na hatuitwi?"

Mama Akinyi ni mtu mwema. Kwake hiyo ni sifa, ni kama kuniambia Mungu ameniona. Lakini mimi najua neno hilo linanifanya nini. Zamani lingenifunga mdomo mpaka katikati ya wiki. Leo nilisimama pale nikaliangalia vizuri, nikaona kwamba ukibadilisha herufi moja tu linakuwa umepona. Sijui kwa nini jambo hilo lilinituliza. Nikamcheka, nikamwambia siku moja nitamwita aje ale.

Nyumbani mama alikanda unga, mimi nikawa kwenye moto nageuza chapati. Kuku alikuwa ameiva. Nilikuwa na sentensi yangu mdomoni, na kwa sababu nilikuwa nangoja wakati wa kuisema, nilimtazama mama akipakua. Nashangaa kusema kwamba nilikuwa sijawahi kumtazama. Kwa zaidi ya mwaka, yeye akipakua mimi naangalia pembeni.

Sahani yangu aliitia nyama, viazi na chapati. Ya tatu akaitia paja zima, chapati mbili, na mchuzi mpaka ukingoni. Kisha akachukua yake. Akaitia mchuzi, kiazi na nusu ya chapati. Akaona inatosha. Mkono wake ukaenda kwenye kifuniko.

"Mama," nikasema, "usiweke tena ya baba."

Akasimama. Nilijitayarisha kwa kilio, nilijitayarisha hata kwa hasira. Alinigeukia na sura ya mtu aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua.

"Ya baba yako?" akasema. "Njeri, hii si ya baba yako. Hii ni yako."

Nilikaa chini.

Akanieleza akiwa bado ameshika ile sahani. Siku ya kwanza, ndiyo, mkono ulimponyoka. Alienda kibandani akijilaumu njia nzima, akasema akirudi ataiondoa kabla sijaiona sana. Alipokuja akaikuta imeoshwa. Akajua nimekula mimi. Akafikiri nilikuwa na njaa nikaona haya kuomba nyongeza kwenye nyumba ya msiba. Kwa hiyo kesho yake akaipakua kwa makusudi, na akaifunika kama zamani ili nile bila macho ya mtu. Kila jioni akikuta sahani safi, alijua amefanya vyema. Halafu nikaanguka, akaambiwa damu, akaongeza.

"Nilikuona ukishika mwili," akasema, "nikaambia Mungu, angalau huyu sitamzika."

Macho yangu yalikuwa kwenye sahani yake, kwenye ile nusu ya chapati iliyokunjwa ukingoni. Nikamwuliza yeye je, nyama yake iko wapi. Akasema siku hizi hana hamu na nyama. Nikamwuliza tangu lini. Nikainuka nikamshika kiunoni kwa mikono miwili, kama ninavyomshika mteja kabla sijachukua tepu, na mikono yangu ikanipa jibu. Kilicholegeza gauni la zambarau hakikuwa huzuni. Nilikuwa nimelipunguza mara mbili kwa mikono hii, na mara zote mbili nilikuwa nimetoka kula chakula chake.

Nikamwambia yote. Nilimwambia nilikula ile ya kwanza ili asiikute jioni. Nilimwambia kuhusu mkate na hotipoti na smoki, na kufunga ambako hakukuwa kufunga, na Alhamisi ambazo hazikuwa za yunifomu. Nililia nikiongea, kamasi zikanishuka, mama akanipa kitambaa cha kufutia vyombo na mimi nikakipokea. Aliuliza kama ni kitu kama ulevi. Nikasema kinakaribia. Akauliza kama ni yeye amenitia katika ugonjwa huo. Nikasema hapana, na nikarudia hapana, maana aliniuliza kwa sauti ndogo sana.

Kuku akazidi kupoa.

"Kwa hivyo wewe hukuwa na njaa," mama akasema.

"Na wewe hukuwa umeshiba."

Sijui nani alianza kucheka. Kilikuwa kicheko kibaya, cha kukoroma, cha watu wawili waliolishana kwa zaidi ya mwaka bila kuulizana, na kiliisha kwa mama kuweka kichwa juu ya meza. Nilimwekea mkono mgongoni. Ni mgongo ule ule niliouona siku ya githeri, na siku ile sikuinuka kwenda kuushika. Sijui mambo yangekuwaje kama ningeinuka.

Baadaye nilivuta ile sahani ya tatu nikamhamishia paja. Akakataa. Nikamwambia sitagusa changu mpaka yeye aanze. Hapo nilimtisha kidogo, nakiri, kwa sababu baada ya yote niliyomwambia hakuwa tayari kuniona nikikaa na njaa. Alitazama paja lile likiwa kwenye sahani yake kama kitu kilicholetwa na posta.

"Kumbe kuna watu," akaanza, na hakuweza kumaliza.

Akala. Alikula polepole, akiacha, akirudi. Nami nilikula changu, chapati moja na nyama yangu, na nilipomaliza nilikuwa nimeshiba. Shibe ya kawaida. Nilikuwa nimesahau jinsi ilivyo kiasi kwamba ilinibidi nikae kidogo nihakikishe ndiyo yenyewe.

Chapati zilizobaki nikazirudisha kwenye hotipoti. Nilipofunga, kifuniko kilitoa ule ukelele wake, na safari hii sikukizuia. Mama akaniuliza kama aifiche. Nikamwambia hapana, ikifichwa nitaiwaza zaidi. Akauliza basi afanye nini, na nikaona ameuliza kama anavyouliza bei ya vitunguu kwa jumla, yuko tayari kubeba chochote atakachoambiwa. Nikamwambia aniulize tu. Akinipata nimesimama jikoni, aniulize kama nina njaa, na mimi nitajaribu kumjibu ukweli. Na mimi nitamwuliza yeye.

Tumekubaliana pia kwamba chakula cha mchana nitakibeba mimi mpaka kibandani, tukile huko, sahani mbili. Mama anasema wateja watatuona tukila. Nikamwambia na watuone. Akasema basi Mama Akinyi atakuwa hapo kila siku. Hilo sikulifikiria.

Sahani yenyewe, ile nyeupe ya bati yenye ukingo wa buluu uliobanduka, tumeiosha. Mama alitaka kuiweka juu ya kabati. Kisha akabadili nia akaipanga pamoja na zingine. Atakayeipata aitumie tu.

Sasa mama amelala kwenye kochi, mdomo wazi, leso miguuni. Chapati ziko kwenye hotipoti, hatua chache kutoka hapa nilipokaa, na sitadanganya kwamba sizifikirii. Nazifikiria. Huenda nitaanguka tena wiki hii, kama nilivyoanguka Ijumaa. Kesho saa ya baba itakuja kama kawaida, na kwa mara ya kwanza hakutakuwa na chochote cha kuweka mdomoni ili nisiisikie. Nitamkumbuka tu. Naogopa sana, na pia nina hamu, kwa sababu nadhani tangu afe sijawahi kukaa nikamkumbuka bila kutafuna kitu.

Gauni la zambarau liko mapajani mwangu ninapoandika. Nimeligeuza ndani nje. Siku zile sikukata kitambaa, fundi mwenye akili hakati, nilikunja tu nikapitisha mshono. Kesho asubuhi, kabla ya yunifomu ya mtu yeyote, nitaufumua. Mwili wa mama hautarudi kesho. Lakini nafasi yake yote ipo humu ndani, sijaipoteza hata kidogo.